Kielelezo cha Kwanza

Mimi ni karani wa madai madogo mjini Spokane.
Napokea ugomvi wa uzio, wa mbwa, wa gari lililokwaruzwa,
naupiga muhuri, naupa namba, naupanga foleni.

Mwezi wa tatu, theluji ya ngazini imekwisha kuwa tope,
akaingia Arvilla Tostrud, miaka sabini na minne,
akivuta kwa kigari cha sokoni
barua taka elfu moja mia nne na kumi na moja,
zote amezichapa,
wino wake, karatasi zake.
Nikamwambia, Mama, ungeleta tano tu.
Akasema: Angenipiga mara tano ningeleta tano.

Kosa lake lilikuwa adabu.
Ile ya kwanza aliijibu:
"Bwana mpendwa, sihitaji vidonge vya magoti.
Haya niliyo nayo yananitosha. Asante, na siku njema."
Siku njema!
Usiku ule zikaja tisa.
Mwizi wa kawaida hubisha hodi akiomba nyumba iwe tupu;
huyu huomba iwe na mtu.

Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa,
palikuwa na kitufe: Bofya hapa ujiondoe.
Akabofya.
Zikaja arobaini.

Sheria haikulala, tusiisingizie.
Inasema kichwa cha barua kisidanganye,
anwani iwe ya kweli,
na anayetaka kutoka afunguliwe mlango.
Ila sheria hutembea kwa miguu,
na barua hizi zina mabawa na hazina kiota.
Miezi minane Arvilla aliifuata ile anwani:
sanduku la posta Tacoma,
kampuni iliyokwisha kufa,
duka la kufulia nguo ambalo mwenyewe alicheka hadi akapaliwa,
mpaka chumba cha chini, nyumbani kwa mama wa mtu,
mitaa kumi na mmoja tu kutoka kwake.

Mdaiwa: Kerwin Pasko, miaka ishirini na mitatu,
tai ya kuazima, shingo haijaizoea.
Jaji Okerlund akavaa miwani. Soma.
Arvilla akasoma kwa sauti ya mwalimu wa hesabu,
maana ndiyo kazi aliyoistaafia:
"Kuhusu: lile uliloniuliza jana."
Akashusha karatasi.
"Jana ile, mheshimiwa, nilikuwa kwa daktari wa meno,
mdomo umejaa pamba. Sikumuuliza mtu kitu."
"Kuhusu: tunaojua ni sisi wawili tu."
Chumba kikacheka. Mimi nilikohoa, kwa heshima ya kazi.
"Kuhusu: Arvilla, umenisahau?"
Hii aliisoma taratibu zaidi, sijui kwa nini.

Hukumu ikatoka kabla ya chakula cha mchana:
dola mia tano, na gharama ya wino.
Kijana akasema hana.
Akaandikiwa ishirini kila mwezi;
hesabuni wenyewe atamaliza lini.

Nilipokuwa natafuta muhuri wangu chini ya makaratasi
nikamsikia akimuuliza, bila kumtazama:
"Ulizisoma zote?"
"Zote. Mia sita zina makosa ya tahajia."
"Natuma milioni mbili kwa usiku," akasema.
"Sijawahi kukutana na aliyesoma."

Sikuona huruma usoni mwa Arvilla, nisimpambe.
Alifunga vifungo vya koti,
akauacha mzigo mezani kwangu,
akatoka na kigari kitupu, gurudumu moja likilia.

Kanuni yetu ni kutunza kielelezo hadi deni liishe.
Nimezishusha ghalani, maboksi matatu, kando ya bomba la joto.
Jioni, kabla sijazima kompyuta,
barua moja mpya.

"Kuhusu: Karani, bado uko ofisini?"

Kidole kikasimama juu ya kitufe cha kujibu.
Nilikuwa bado ofisini.